Hotchkiss: Safari ndefu ya imani kutoka Nzaui hadi nchi ya chai Kericho

Yeyote aliyewahi kusafiri kutoka Kericho kuelekea Bomet wakati wa alasiri anaijua mvua ya huko. Asubuhi anga huwa safi na wachumaji chai huonekana wametapakaa mabondeni na vikapu vyao mgongoni. Ifikapo saa nane, mawingu hukusanyika juu ya msitu wa Mau, na punde si punde maji humwagika kana kwamba yalikuwa yakingoja amri. Siku hizi msafiri hufunga tu dirisha la matatu na safari ikaendelea juu ya lami kupitia Litein na Kaplong. Mwanzoni mwa karne ya 20 hapakuwa na lami wala chai. Palikuwa na vijia vya ng'ombe, tope la kufika magotini na mito isiyokuwa na madaraja.

Miongoni mwa wageni wa kwanza kuja kuishi huko kwa ajili ya kuhubiri Injili alikuwa Mmarekani Willis Hotchkiss, muumini wa dhehebu la Marafiki, wale ambao wengi huwaita Quaker. Alipofika mwaka wa 1905 hakuwa mgeni wa shida za njiani. Alikuwa amekwisha kuzika wenzake, kuugua homa mara zisizohesabika kwa vidole na kutembea kwa miguu kutoka pwani hadi Ukambani wakati ambapo reli ilikuwa bado ndoto katika ramani za Waingereza.

Jina lake halitajwi sana nje ya makanisa ya Magharibi mwa Kenya na Bonde la Ufa. Hata hivyo, ni vigumu kusimulia mwanzo wa Ukristo nchini bila kukutana naye, kwani alikuwapo katika mianzo mitatu: ile ya Africa Inland Mission huko Ukambani, ya Marafiki huko Kaimosi, na ya misheni ya Lumbwa katika nchi ya Wakipsigis.

Hotchkiss alisomea katika chuo cha Biblia cha Marafiki mjini Cleveland, jimbo la Ohio, ambacho kilianzishwa mwaka wa 1892. Akiwa bado kijana alijiunga na kikundi kidogo kilichoongozwa na Peter Cameron Scott, mzaliwa wa Scotland aliyekulia Marekani. Scott alikuwa amewahi kwenda Kongo, na huko ndiko alikomzika ndugu yake kwa mikono yake mwenyewe. Badala ya msiba ule kumrudisha nyuma, ulimtia ari ya kutaka kujenga mlolongo wa vituo vya misheni kutoka pwani ya Afrika Mashariki hadi ndani kabisa ya bara.

Kikundi hicho, wanaume na wanawake, kiliondoka New York mwezi Agosti 1895 na kuwasili Mombasa Oktoba mwaka huo huo. Hawakuwa na mshahara uliohakikishwa. Walikubaliana kwamba hawatamwomba mtu yeyote fedha, bali watamweleza Mungu mahitaji yao na kungoja. Katika ukumbi wa kanisa kule Philadelphia, azimio la namna hiyo hupendeza masikioni. Bandarini Mombasa, mbele ya wapagazi wanaodai posho, huwa ni jambo jingine kabisa.

Wakati wenyewe ulikuwa mbaya. Uingereza ilikuwa imetangaza himaya yake Juni mwaka huo, na Mbaruk bin Rashid wa ukoo wa Mazrui alikuwa vitani dhidi ya utawala huo mpya, hivyo kwamba njia za kutoka Mombasa kwenda bara hazikuwa salama. Mwezi Novemba, huku kina Hotchkiss wakiwa katika pilikapilika za safari, msafara mwingine mkubwa uliokuwa ukirejea kutoka Ravine ulishambuliwa na Wamaasai katika bonde la Kedong. Mamia ya wapagazi, Waswahili na Wakikuyu, waliuawa kwa siku moja.

Msomaji wa leo aliyezoea kukata tikiti ya treni ya kwenda Nairobi anafaa kueleweshwa jinsi safari ya wakati ule ilivyokuwa. Wanyama wa mizigo hawakufaa, maana mbung'o waliwamaliza njiani. Kila kitu, kuanzia mahema hadi sindano, kilibebwa kichwani au begani na wapagazi, kila mmoja akichukua mzigo wa takriban kilo 30. Baada ya vilima vya Rabai msafara uliingia nyika ya Taru, nchi ya miiba na udongo mwekundu ambako maji yalipatikana kwenye mashimo ya mawe tu, tena kwa bahati. Aliyefika kwenye shimo na kulikuta limekauka hakuwa na la kufanya ila kuongeza mwendo usiku kucha hadi shimo lililofuata. Kisha zilifuata Voi, Tsavo na Kibwezi, na simba wa Tsavo ambao miaka mitatu baadaye wangepata sifa mbaya kwa kuwala wafanyakazi wa reli.

Adui mkubwa zaidi hakuwa simba. Alikuwa mbu, na mwaka wa 1895 hakuna aliyelijua hilo. Daktari Ronald Ross aligundua kule India mwaka wa 1897 kwamba mbu ndiye anayeeneza malaria. Kabla ya hapo wasafiri walidhani homa inatokana na hewa mbaya ya usiku, wakapiga kambi kando ya madimbwi kwa sababu maji yalikuwa karibu, na asubuhi wakashangaa kwa nini wanatetemeka.

Desemba 1895 kikundi kilifika Nzaui, chini ya ule mlima wenye jabali linaloonekana kutoka mbali katika eneo ambalo sasa ni Kaunti ya Makueni. Hapo walijenga kituo chao cha kwanza. Katika muda usiofika mwaka mmoja walikuwa na vituo vingine huko Sakai, Kilungu na Kangundo, na Scott alikuwa akitembea kwa miguu baina ya vituo hivyo bila kupumzika.

Desemba 1896 Scott alikufa kwa homa ya mkojo mweusi. Alikuwa na umri wa miaka 29.

Kifo hicho kilifuatwa na vingine. Walioponea waliugua hata ikabidi warudi kwao. Katika muda wa miaka mitatu hivi, misheni iliyoanza kwa shangwe ilikuwa imebakia jina tu, na kwa sehemu kubwa ya muda huo Hotchkiss aliishi karibu peke yake. Hapa ndipo suala la kumtegemea Mungu safarini linapopata uzito. Waliokufa walikuwa wameomba kama alivyoomba yeye. Scott hakuwa na imani haba kuliko Hotchkiss. Pengine alikuwa na imani kubwa zaidi. Aliyebaki hai hangeweza kusema kwamba yeye aliponea kwa kuwa aliamini zaidi, na kwa haki yake, Hotchkiss hakusema hivyo. Aliporudi Marekani na kusimama mbele ya makanisa, alihesabu masaibu yake bila kuyapamba. Homa ilimwangusha zaidi ya mara 30. Simba walimshambulia mara tatu. Aliishi miezi 14 bila kuona mkate, na akala kila kilicholiwa, kuanzia kumbikumbi hadi nyama ya kifaru. Kisha aliwaeleza wasikilizaji wake kwamba angekubali kuyapitia yote hayo upya kwa sababu ya neno moja.

Kisa cha neno hilo ndicho kinachomfanya akumbukwe hadi leo miongoni mwa wanaofundisha tafsiri ya Biblia, na chafaa kusimuliwa kwa utaratibu.

Hotchkiss alikuwa akijifunza Kikamba bila kamusi wala kitabu cha sarufi, akinakili maneno daftarini kama alivyoyasikia. Majina ya vitu hayakumpa shida. Mtu huonyesha mti kwa kidole na kuambiwa jina lake. Lakini huwezi kuonyesha wokovu kwa kidole. Kwa miaka miwili na nusu alitafuta neno la Kikamba lenye maana ya kuokoa, na kwa muda huo wote alijikuta akihubiri Injili isiyokuwa na kiini chake. Alieleza, alizunguka, aliigiza. Wasikilizaji walimtazama kwa adabu.

Jioni moja alikuwa ameketi kando ya moto pamoja na watu wake. Miongoni mwao alikuwamo Kikuvi, Mkamba ambaye Hotchkiss alimwona kuwa mwerevu kuliko wote. Mazungumzo yalielekea kwenye tukio lililokuwa limempata mmisionari mwenzake aliyeitwa Krieger, ambaye alirukiwa na simba jike na kujeruhiwa vibaya, na Kikuvi ndiye aliyemfukuza mnyama huyo. Hotchkiss alitega masikio. Alijua kwamba kama neno lile lipo katika Kikamba, basi halina budi kutokea katika hadithi kama hii. Kikuvi alisimulia yote, jinsi simba alivyoruka na jinsi watu walivyopiga mayowe, lakini neno halikuja. Hotchkiss alikuwa amekata tamaa pale Kikuvi alipomalizia kwa kauli fupi, kana kwamba ni jambo dogo, kwamba bwana yule aliokolewa na Kikuvi.

Mwandishi huyu, ambaye amekula chumvi akihariri sentensi za watu wengine, hukipenda kisa hiki kwa sababu ya sarufi yake. Kikuvi alitumia kauli ya kutendwa. Hakusema kwamba yeye ndiye aliyeokoa, bali kwamba mwingine aliokolewa, na jina lake akaliweka mwishoni kwa unyenyekevu. Hotchkiss alilidaka neno lile, akaligeuza papo hapo kuwa kauli ya kutenda, kisha akamuuliza Kikuvi kama ndivyo isemwavyo. Aliposikia kwamba ndivyo, aliruka kwa furaha. Usiku ule ule alilitumia kumweleza Kikuvi kile alichokuwa ameshindwa kukisema kwa miezi yote ile, na Kikuvi naye akafahamu.

Wahubiri wengi hukisimulia kisa hiki kama ushindi wa mmisionari. Ukikitazama vizuri, utaona kwamba mmisionari ndiye aliyekuwa mdomoni mwa simba na Mkamba ndiye aliyekuwa mwokozi. Mzungu alikuwa amevuka bahari kuja kuokoa, naye akafundishwa maana ya neno hilo na mtu aliyemwokoa mwenzake. Ndiyo hali ya safari zake zote. Kila alipoeleza kwamba Mungu alimvusha, palikuwapo pia mtu aliyemshika mkono, aliyembeba kwenye machela akiwa na homa, au aliyemgawia maharagwe na maziwa ya mgando akiba yake ilipokwisha. Wengi wa watu hao hawana majina katika vitabu. Kikuvi ana bahati kwamba jina lake lilihifadhiwa.

Hotchkiss aliondoka Ukambani mwaka wa 1899, wakati ambapo nchi ilikuwa imekaushwa na ile njaa kubwa ambayo Wakamba waliikumbuka kwa vizazi kadhaa. Ukame, ndui na maradhi ya mifugo vilikuja kwa pamoja. Watu walikufa wakiwa njiani kuelekea Ukikuyu na kwenye kambi za reli kutafuta chakula. Kwa mtu aliyehubiri kwamba Mungu hulisha ndege wa angani, miezi ile haikuwa myepesi. Inaelekea ndiyo iliyomtia wazo lililotawala maisha yake baadaye, kwamba misheni isiyogusa jembe, kinu na karakana ni misheni pungufu. Mwaka wa 1901 alichapisha kitabu kuhusu miaka yake ya Ukambani, akakitumia kuwashawishi Marafiki wa Marekani waanzishe misheni ya ufundi.

Walishawishika. Mwaka wa 1902 alirejea akiwa na vijana wawili, Arthur Chilson na Edgar Hole. Safari hii kutoka Mombasa walipanda garimoshi. Reli ilikuwa imefika Kisumu miezi michache tu awali, Desemba 1901, na baadhi ya madaraja ya Mau yalikuwa bado ya muda. Hata hivyo, umbali uliowachukua wapagazi miezi mitatu ulikatwa kwa siku chache. Kutoka Kisumu walitembea, na mwezi Agosti wakachagua Kaimosi, mahali penye msitu na maji ya kutosha kuzungusha msumeno. Huo ndio mwanzo wa Marafiki wa Kenya, ambao leo ni wengi kuliko wa nchi nyingine yoyote duniani. Hotchkiss mwenyewe hakukaa. Aliwaachia wenzake kazi ile, na historia ya Kaimosi ikaandikwa zaidi kwa majina yao.

Pengine ni kutoka kwenye dirisha la garimoshi, likishuka Londiani kuelekea Muhoroni, ndipo alipoiona kwanza nchi ya Wakipsigis. Wakati huo wageni waliwaita Walumbwa, jina lililotoka kwa Wamaasai ambalo wenyewe hawakulipenda hata kidogo. Stesheni iliyobandikwa jina hilo siku hizi ni Kipkelion.

Mwaka wa 1905 alianzisha Lumbwa Industrial Mission. Ni vigumu kufikiria mwaka uliokuwa mbaya zaidi. Mwaka huo jeshi la Waingereza lilitumwa Sotik kuwaadhibu Wakipsigis waliodaiwa kuteka mifugo na watu wa Wamaasai; watu waliuawa na ng'ombe kwa maelfu wakachukuliwa. Upande wa pili wa bonde, mwezi Oktoba, kiongozi wa Wanandi Koitalel arap Samoei alipigwa risasi katika mkutano alioitiwa kwa kisingizio cha amani. Mzungu aliyetokea wakati huo akidai kwamba amekuja kwa upole hakuwa na sababu yoyote ya kuaminiwa. Marafiki ni watu wasiobeba silaha, lakini nani angewaeleza Wakipsigis tofauti ya Mzungu mmoja na mwingine?

Ikawa sasa ni zamu yake kusubiri. Miaka ya Ukambani ilikuwa imempima kwa mwendo. Kericho ilimpima kwa kukaa. Wakipsigis walikuwa wafugaji waliojitosheleza. Hawakumhitaji. Waumini wa kwanza walipatikana polepole mno, na ibada za Jumapili mara nyingi zilikuwa za watu wachache. Wengine katika hali hiyo wangefunga virago.

Kilichowaleta watu misheni kwanza hakikuwa mahubiri bali plau na kinu. Wanaochunguza historia ya Wakipsigis wanamtaja Hotchkiss kuwa miongoni mwa waliowaonyesha kulima kwa maksai na kusaga nafaka kwa kinu kinachoendeshwa na maji. Wanawake waliokuwa wakisaga wimbi juu ya jiwe tangu alfajiri waliona gurudumu likifanya kazi hiyo kwa nguvu za mto. Mito ya huko haikosi maji, shukrani kwa ile mvua ya alasiri inayowakera wasafiri. Miaka michache baadaye Wakipsigis wenyewe walikuwa wakijenga vinu vyao na kutoza ada, na mahindi yakawa biashara.

Lakini si haki kuandika sifa hizi bila kugusa ardhi. Misheni ilikaa juu ya shamba lililotolewa na serikali ya kikoloni, serikali ambayo nayo haikuwa imelipata kwa njia ya kununua. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, maelfu ya ekari karibu na Kericho yalitengwa kwa ajili ya maofisa Waingereza waliojeruhiwa vitani, walime kitani. Mradi huo ulianguka. Kufikia katikati ya miaka ya 1920, kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilikuwa zimeingia na miche ya chai, na wale waliojifunza kulima kwa plau wakajikuta wakisukumwa pembezoni mwa nchi yao. Mwaka wa 1934 ukoo wa Talai ulihamishwa kwa nguvu hadi Gwassi, karibu na Ziwa Victoria. Madai ya Wakipsigis na Watalai kuhusu ardhi hiyo hayakufa. Mwaka wa 2022 yaliwasilishwa katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya.

Hotchkiss hakuwa mwanasiasa, na haingefaa kumbebesha dhambi za gavana. Hata hivyo, mtu aliyejua vyema jinsi inavyokuwa kutegemea ukarimu wa wenyeji alikuwa na nafasi ya kusema zaidi kuliko alivyosema.

Katika miaka ya 1930, akiwa mzee, alikabidhi kazi yake kwa shirika la Kimarekani lililokuja kujulikana kama World Gospel Mission. Mwaka wa 1937 alichapisha kitabu kingine, akiilinganisha Kenya aliyoikuta na aliyoiacha. Njia ya kutoka Mombasa aliyoitembea kwa majuma kadhaa akiwa kijana ilikuwa sasa ni ya usingizi wa usiku mmoja ndani ya behewa. Hakuna tena aliyehitaji mashimo ya Taru.

Waliorithi kazi yake walijikita Tenwek, karibu na Bomet. Kutokana na juhudi zao lilizaliwa kanisa la Africa Gospel Church, na zahanati ndogo iliyoendeshwa na wauguzi kwa miaka mingi bila daktari. Wagonjwa walifika kwa miguu au wakibebwa na jamaa zao kupitia tope lile lile. Daktari wa kwanza wa kudumu, Ernest Steury, aliwasili mwaka wa 1959, na zahanati hiyo ikakua hadi kuwa mojawapo ya hospitali kubwa za misheni nchini. Imejengwa kando ya mto Nyangores, na tangu miaka ya 1980 maporomoko ya mto huo huizalishia umeme wa kuwasha taa za chumba cha upasuaji.